Mipira Hamsini ya Aasif Karim

Mjomba wangu ni mashoto. Alipoanza chuo, huko Msambweni, mwalimu alimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa ili aandike alifu kwa wa kulia, na wa kulia ukajifunza. Hadi leo anakula, anaandika, anapokea na kutoa kwa mkono huo, kama adabu ya kwetu inavyotaka. Lakini mpe mshipi na chambo, mkae mtumbwini karibu na mwamba, uone ule mkono mwingine ukitoka mafichoni. Anaurusha mshipi kwa kushoto bila kufikiri, na chambo kinatua pale pale alipopatazama.

Nalitaja hili mapema kwa sababu mwanamichezo anayempenda kuliko wote ni mtupaji mpira wa mkono wa kushoto. Jina lake Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa wa mwaka 1963, aliyewahi kuwa nahodha wa timu ya taifa ya kriketi. Kriketi kwanza, lakini si kriketi tu: aliiwakilisha Kenya katika tenisi ya Davis Cup pia. Usiku mmoja wa Machi 2003 nilikaa kando ya mjomba katika hoteli ya chai pale Ukunda, nikamwona Karim akiwatupia mipira hamsini mabingwa wa dunia. Tangu usiku ule nimekuwa nikitafuta namna ya kuueleza kwa watu wasiojua kriketi, yaani karibu kila mtu ninayemfahamu.

Maana kriketi, kwa kweli, haikuvuka kivuko cha Likoni. Ilibaki kisiwani Mombasa, kwenye nyasi za vilabu. Ukishuka kusini ukapita Tiwi, Ukunda, Gazi, Msambweni hadi Ramisi, kila uwanja utakaouona una magoli mawili, na maji yakitoka pale Diani vijana huweka mawe mchangani wakacheza kandanda hadi bahari idai uwanja wake. Mjomba aliipata kriketi ng'ambo. Mwishoni mwa miaka ya sabini alipata kibarua kwenye uwanja mmoja wa kriketi Mombasa, kazi yake kuvuta roli. Walikuwa wanne, alfajiri, wakilikokota lile gurudumu zito la chuma juu ya ukanda mwembamba wa ardhi wenye urefu wa yadi 22, wakienda na kurudi hadi udongo ukae kama sakafu. Kwa hiyo aliijua ardhi kabla ya kuujua mchezo. Alijua mahali palipo na ufa, mahali panaposhika unyevu, mahali ambapo mpira ukidunda hunyanyuka na mahali unapolala. Saa nne wachezaji walipofika, yeye alikaa chini ya mti kuangalia kama udongo wake utatenda alivyoukadiria.

Hapa niseme kidogo kuhusu mchezo wenyewe, na nianze mbali. Katika besiboli, mchezo unaopendwa sana Marekani na Japani, mrushaji huurusha mpira ukamfikia mpigaji bila kugusa chini. Kila timu kubwa ina mrushaji wake tegemeo, yule ambaye siku ya zamu yake mashabiki huja uwanjani kwa ajili yake tu, na kila mpigaji anayekwenda kusimama mbele yake huonekana mnyonge kabla mpira haujatoka mkononi. Mapenzi ya shabiki kwa mtu kama huyo ni ya aina yake. Humpendi kwa kufunga. Unampenda kwa kuwanyima wengine. Kriketi inalo penzi hilo hilo, ila mpira wake hudunda kwanza. Kati ya mkono wa mtupaji na gongo la mpigaji kuna ardhi, na ardhi nayo ina neno lake.

Mipira sita hufanya ova moja. Katika mechi za siku moja kila timu hupewa ova 50, na mtupaji mmoja haruhusiwi kuzidisha ova 10. Wapigaji hutafuta mikimbio. Watupaji hutafuta kuwatoa, na wakishindwa kuwatoa, angalau kuwakaba. Ova inayopita yote bila mkimbio hata mmoja ni fahari ya mtupaji. Wapo wanaotupa kwa kasi ya kutisha. Brett Lee wa Australia alikuwa akipita kilomita 150 kwa saa. Na wapo kama Karim, wanaokuja kwa hatua chache, wakauzungusha mpira kwa vidole, ukaenda kwa nusu ya kasi hiyo au zaidi kidogo. Kwa mpigaji wa kulia, mpira wa namna hiyo wa mkono wa kushoto huja ukimwelekea, ukidunda humkimbia. Na mara moja moja, kwa mkono ule ule na mwendo ule ule, huja mmoja ambao haumkimbii. Huo ndio unaomponza.

Mjomba alimwona Karim kwa mara ya kwanza akiwa bado kijana. "Wengine wanautupa mpira," aliniambia. "Yeye anauweka."

Alipoacha roli akarudi kwetu, akapata kazi ya dobi katika hoteli moja ya Diani, na huko kriketi ikamfuata redioni. Februari 29, 1996, Kenya ilipoishangaza West Indies mjini Pune katika Kombe la Dunia, wao 93 na sisi 166, alikuwa na redio juu ya meza ya kupigia pasi. Karim alikuwemo uwanjani. Alikuwemo pia Rajab Ali, aliyetoa wapigaji watatu akiwemo Brian Lara. Nilikuwa mtoto, na nakumbuka tu kwamba mjomba alikuja nyumbani usiku na halua ya shilingi nyingi kuliko kawaida.

Miaka mitatu baadaye Karim aliiongoza Kenya katika Kombe la Dunia la 1999 kule Uingereza, kisha akastaafu. Akashika biashara ya bima. Kwa mjomba hadithi ilikuwa imekwisha, na alikubali.

Halafu ukaja mwaka ambao watu wa kusini hatuusahau. Novemba 28, 2002, hoteli ya Kikambala ililipuliwa, na asubuhi hiyo hiyo makombora yakarushwa, yakaikosa ndege ya abiria iliyokuwa ikiondoka Mombasa. Kikambala iko pwani ya kaskazini, lakini mgeni anayesoma habari akiwa Ulaya hatofautishi kaskazini na kusini. Msimu wa Krismasi, ambao Diani huutegemea kulipia miezi yote ya mvua, ulikauka. Vitanda vikabaki vimetandikwa. Wauza vinyago wakakaa ufukweni kutwa nzima wakiangalia bahari. Ifikapo Januari, hoteli ya mjomba ilikuwa imewapeleka wafanyakazi wengi likizo bila malipo, naye akiwa miongoni mwao. Akaondoka na nguo zake na daftari moja kubwa la dobi lililobaki na kurasa nyingi tupu, lenye safu zilizochapwa: shuka, foronya, taulo, vitambaa vya meza.

Kombe la Dunia la 2003 lilichezwa Afrika Kusini, na mechi chache zikapangwa Zimbabwe na Kenya. New Zealand walitakiwa kucheza Nairobi Februari 21. Wakakataa kuja, wakisema hakuna usalama. Pointi zikapewa Kenya. Wengi duniani walizungumzia pointi zile kama zawadi tuliyookota njiani. Mjomba hakuona zawadi hapo. Hofu iliyowazuia New Zealand ndiyo hofu iliyomtoa yeye kazini, na aliona ni haki kwamba kwa mara moja hofu hiyo iliyotugharimu itulipe vilevile. Siku tatu baadaye, pale Nairobi Gymkhana, Kenya ikaipiga Sri Lanka kwa mikimbio 53, na Collins Obuya akatoa wapigaji watano kwa mikimbio 24. Hapo hapakuwa na cha kuokota. Kikosi cha nahodha Steve Tikolo kikapanda hadi hatua ya timu sita bora, kikaipiga Zimbabwe, kikajihakikishia nusu fainali ambayo hakuna nchi isiyocheza mechi ndefu za Test iliyowahi kuifikia.

Na ndani ya kikosi hicho, akiwa na miaka 39, alikuwemo Aasif Karim. Walikuwa wamemwita arudi.

Machi 15 ilikuwa Jumamosi. Kaskazi ilikuwa inaishia, joto halina mfano, na mwezi wa Muharram ulikuwa karibu kujaa. Mjomba alinipitia alasiri, daftari kwapani, tukaenda kwenye hoteli ile ya Ukunda kwa sababu ilikuwa na televisheni na mwenyewe alikuwa mtu wa heshima. Vijana waliotaka kandanda ya Uingereza waliombwa wavumilie, wakavumilia kwa manung'uniko. Durban, uwanja wa Kingsmead, Kenya na Australia. Australia walikuwa mabingwa watetezi, hawajapoteza mechi hata moja katika mashindano yale, na hawakuja kupoteza.

Tulianza vibaya mno. Brett Lee alitoa wapigaji wetu watatu kwa mipira mitatu mfululizo, Kenya ikiwa na mikimbio 3 na wapigaji watatu nje. Kijana mmoja akauliza kama sasa tunaweza kurudi kwenye mpira. Mjomba hakumjibu, alikuwa akiandika. Tikolo akasimama akafika 51, wengine wakamsaidia, tukamaliza ova zetu 50 na 174 kwa wapigaji wanane waliotoka. Kwa Australia ile, 174 ilikuwa kazi ya jioni moja. Tukaenda kuswali Isha, tukarudi, tukakuta Adam Gilchrist na Matthew Hayden wanaupeleka mpira kila upande, na nusu ya viti vimebaki vitupu.

Kuna imani ya zamani miongoni mwa wachezaji kwamba ardhi ya Kingsmead hubadilika kwa maji ya bahari: maji yakijaa, unyevu hupanda chini ya nyasi na mpira hutenda mambo. Uwanja uko karibu na ufuo, na bahari yenyewe ni hii hii yetu. Sidai kwamba ni kweli. Nasema tu kwamba mjomba, mtu wa bahari na mtu wa roli, aliposimuliwa habari hiyo baadaye alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo alilolijua siku zote.

Karim akapewa mpira. Nahodha wa Australia, Ricky Ponting, alikuwa amefika 18. Mpira ukamgonga mguuni mbele ya vijiti vya wiketi anavyovilinda mpigaji, mwamuzi akainua kidole. Ponting nje. Mjomba alikuwa amehamisha kalamu mkono wa kushoto, nadhani hakujua. Akaja Darren Lehmann, akapata 2, akaugusa mpira ukaingia mikononi mwa mlinda wiketi Kennedy Otieno. Akaja Brad Hogg, hajapata hata mmoja, akaurudisha mpira hewani moja kwa moja kwa Karim mwenyewe, naye akaudaka. Australia 117, watano nje. Hoteli ilikuwa imejaa tena. Sijui watu walitoka wapi. Dereva wa matatu alikuwa ameliacha gari lake nje na taa zikiwaka.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda zaidi, na ndicho kigumu zaidi kukisimulia, kwa sababu hakuna kilichotokea. Andrew Symonds na Ian Harvey, wanaume wenye mikono ya kuuvusha mpira jukwaani, walisimama mbele ya mtu wa miaka 39 na hawakuthubutu. Karim alikuja kwa hatua zake chache, akauweka. Wakauzuia. Akarudi mahali pake bila haraka, akaja tena, akauweka pale pale, au shubiri moja kando ya pale. Wakauzuia. Ova ikapita tupu. Nyingine ikapita tupu. Vijana ambao saa mbili kabla hawakujua ova ni nini walikuwa wakihesabu mipira kwa sauti, na kila ukifika wa sita bila mkimbio, meza zilipigwa kama vile goli limefungwa.

Hesabu zake za mwisho ni hizi: ova 8 na mipira 2, mikimbio 7, wapigaji 3. Ova sita kati ya hizo nane zilikuwa tupu. Zigeuze utakavyo, zitazidi kukushangaza. Ni mipira 50. Thelathini na sita imo katika zile ova sita ambazo Waaustralia hawakuambulia kitu. Mikimbio yote saba ilipatikana katika mipira 14 iliyobaki. Dhidi ya timu nyingine ungesema ni siku nzuri. Hawa walikuwa kikosi ambacho wengi wanakihesabu kuwa bora kuliko vyote vilivyowahi kucheza mechi za siku moja.

Najua la kuambiwa: tulishindwa. Ndiyo. Australia walifika 178 katika ova ya 32, wakiwa na wapigaji watano mkononi, na 174 haikuwa mlima. Wapo wanaosema pia kwamba walikuwa wameshafuzu na hawakuwa na haja ya kuhangaika. Nimelifikiria hilo kwa miaka mingi na silikubali. Mtu asiye na haja ya kuhangaika hupiga ovyo. Hawa walijizuia kama watu wanaopita kwenye matope ya mikoko usiku. Na waliotoa tuzo ya mchezaji bora wa mechi walikuwa na Brett Lee mezani, mwenye wapigaji watatu kwa mipira mitatu, kutoka timu iliyoshinda. Tuzo wakampa Karim.

Siku hizi nikipita maduka ya Diani naona bado fulana zinazouziwa wageni, zimeandikwa "Pole pole". Wageni huzivaa wakitabasamu, na hawana nia mbaya. Lakini neno hilo limetuchoma sisi watu wa Pwani kwa muda mrefu. Tumeambiwa kazini, tumeambiwa barani, tumeambiwa na walimu: nyinyi ni wazito, nyinyi ni watu wa kivulini. Nilikua nikiamini kwamba ushindi wa Kenya ni wa kasi peke yake, wa wakimbiaji wa nyanda za juu ambao mapafu yao si yetu. Usiku ule wa Ukunda nilimwona mtu wa Pwani akiifanya polepole kuwa silaha. Na haikuwa polepole ya kupumzika. Kila mpira ulikuwa na kazi ya miaka thelathini ndani yake: kidole kinachobana mshono kidogo zaidi, bega linalochelewa kidogo zaidi, jicho linalosoma mguu wa mpigaji kabla haujasogea. Mwenye kasi akikosea, kasi humfichia kosa. Mtupaji wa polepole hana pa kujificha, kwa hiyo hana ruhusa ya kukosea, na Karim mipira hamsini hakukosea.

Mjomba alilieleza kwa mshipi. Tewa mkubwa akishika chambo, alisema, ukimvuta anajichimbia kwenye jiwe na uzi unakatika. Unamlegezea. Anadhani yuko huru, anasogea mwenyewe kutoka pangoni, na wewe kazi yako ni kidole tu juu ya uzi, kumsikia. "Wale kina Lehmann walikuwa wanavuta," alisema. "Yeye alikuwa na kidole juu ya uzi."

Machi 20, pale pale Durban, Kenya ilicheza nusu fainali na India. Sourav Ganguly alipata 111 bila kutolewa, India wakafika 270, sisi 179, na safari ikakoma. Karim hakucheza tena mechi ya kimataifa ya siku moja. Siku tatu baadaye, Johannesburg, Australia walichukua kombe mbele ya India, na Ponting yule yule wa 18 akapata 140 bila kutolewa. Mjomba alifurahi sana kwa ajili ya Ponting. Alitembea siku nzima akimweleza kila aliyekuwa tayari kusikiliza kwamba mtu aliyewashinda Wahindi wote vile ndiye aliyetolewa na kijana wa Mombasa wiki iliyopita.

Baada ya hapo kriketi ya Kenya ilishuka, na mwaka 2014 tukapoteza hata hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Irfan, mwanawe Karim, alikuwa miongoni mwa walioivalia Kenya jezi katika miaka hiyo migumu. Nimewauliza vijana wa maskani za Ukunda kuhusu Aasif Karim. Wanaijua Arsenal mchezaji kwa mchezaji, pamoja na walio benchi. Jina hili hawajalisikia. Siwalaumu. Nawakalisha chini nikawaeleza mipira sita ni nini, na nikifika kwenye Symonds na Harvey kuna mmoja au wawili ambao huacha simu.

Nilipokwenda Msambweni mwezi uliopita mjomba alinitolea lile daftari. Macho yake yamepungua nguvu, kwa hiyo alinitaka nimsomee. Ukurasa wa Machi 15 una safu zile zile za dobi. Chini ya shuka ameandika majina ya wapigaji wa Australia. Chini ya foronya, mikimbio. Chini ya taulo kuna nukta, moja kwa kila mpira wa Karim uliozuiwa, na zile ova sita tupu amezipigia mstari chini. Nukta za mwanzo zimenyooka. Kuanzia kutoka kwa Ponting zinalala upande wa pili, kubwa zaidi, wino umekolea. Niliziweka kidole moja moja huku nikimhesabia, naye akisema "eeh" baada ya kila moja.

Niligeuza ukurasa. Unaofuata ni wa Desemba, kwa mkono wa kulia: shuka 38, foronya 52, taulo 41.